Spana Hulipwa, Kipimo Hakilipwi

Pita Kirinyaga Road jijini Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, mchana wa siku yoyote ya kazi. Hutakosa kuikuta injini ya Subaru imelazwa juu ya tairi kuukuu, hedi zake mbili zimevuliwa, na kijana wa ovaroli anakwangua gasketi iliyoungua kwa wembe. Mwenye gari amesimama kando na simu sikioni, anatafuta hela. Ukimwuliza gari lina nini, jibu ni jepesi: limechemka. Ukimwuliza lilichemka kwa nini, wote watatazamana.

Swali hilo la pili ndilo linalonishughulisha. Magari ya kasi yaliyozeeka, hasa Impreza, Legacy na Forester zenye turbo, yamepewa jina baya: yanafilisi, yanataka mtu mwenye fedha za kuchezea, yameoza tangu kiwandani. Nimeishi na Forester ya turbo ya mwaka 2004 kwa muda wa kutosha kujua kwamba sehemu ya sifa hiyo ni ya haki. Sehemu kubwa zaidi ni yetu sisi wenye magari. Mengi ya magari haya hayauliwi na uzee wala mwendo. Yanakufa kwa kukosa kupimwa. Tunalipa bila kinyongo mikono ya kufungua na kufunga boliti, lakini saa moja ya kupima kabla boliti haijaguswa tunaiona fedha iliyotupwa.

Mapenzi yenyewe yana asili yake. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akairudia kazi hiyo mwaka 2000 kwa gari la jina hilo hilo. Watoto waliosimama vumbini kandokando ya njia siku zile ndio wanunuzi wa leo, na tangu Safari irudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, barabara ya Naivasha hujaa ngurumo zile zile kila msimu wa mashindano.

Chini ya boneti za mengi ya magari haya imo EJ20, injini ya sentimita za ujazo 1994 ambayo pistoni zake hulala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia. Ilianza na Legacy mwaka 1989, na toleo lake la mwisho, STI 555 zilizouzwa Japani, lilifunga ukurasa karibu miaka 30 baadaye. Umri huo mrefu ni neema kwa mwenye gari kuukuu, kwani vipuri vingi vinaazimana kutoka toleo moja hadi jingine.

Sheria nayo imechangia hali tuliyo nayo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili, pamoja na Forester zilizokoma kutengenezwa mwaka 2007, haziwezi tena kushuka bandarini Mombasa. Zilizopo ndizo hizo. Uganda ilifunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Tanzania inaruhusu makuukuu lakini huyatoza ushuru wa ziada. Kwa Mkenya, basi, kila moja inayogongwa au kukatwakatwa kwa ajili ya vipuri ni moja iliyopungua katika hesabu isiyoongezeka.

Na zilipokuja, zilikuja bila kumbukumbu. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo ni miongoni mwa sababu za magari kuuzwa nje mapema. Humo ndani ya sanduku la dashibodi mara nyingi mlikuwa na daftari la matengenezo kwa Kijapani, na karibu na injini kibandiko kidogo kinachosema mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Daftari tukalitupa kwa kuwa hatulisomi. Kibandiko kikaondoka na maji ya kuoshea injini. Gari likaanza maisha ya pili kama mgonjwa aliyehamishwa hospitali bila cheti.

Mkanda huo ni mpira. Katika EJ20 ya turbo ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima ndiyo inayolipa. Kwa kawaida hubadilishwa kufikia kilomita 100,000, pamoja na puli zake, kikazio na, kwa mwenye akili, pampu ya maji, maana pampu huzungushwa na mkanda huo huo. Lakini mpira hausomi kilomita peke yake. Gari lililosimama uani miaka minne limezeesha mkanda wake, mipira ya maji, bushi na ile mirija myembamba ya hewa ambayo joto la turbo huikausha mpaka ikavunjika kama bisikuti. Legacy zile za turbo mbili zina mirija mingi kiasi kwamba mfupi mmoja ukipasuka, turbo ya pili haiamki, na mwenye gari huuziwa turbo nzima ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye kipande cha mpira cha urefu wa kidole. Kuujaza mfumo hewa yenye shinikizo na kusikiliza inapovujia ni kazi fupi sana. Ni wangapi wamewahi kufanyiwa?

Joto ndilo linalohitaji maelezo marefu, kwa sababu hapo ndipo makosa yetu yameota mizizi.

Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na kwenye mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni kifuniko cha rejeta. Springi yake hushikilia shinikizo la karibu bar 1, na hilo hukisukuma kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 110. Springi ikichoka, au mpira wake ukikauka, maji huanza kuchemka injini ikiwa kwenye joto lake la kawaida kabisa. Yanatokota, yanasukumwa kwenye chupa ya akiba, yanapungua, na hewa inachukua nafasi yake juu ya hedi. Kifuniko kipya ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kukipima ni kukifunga kwenye pampu ndogo ya mkono na kutazama mshale.

Badala ya hayo, sisi hutoa thamostati. Tiba hii imeenea kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam: gari likichemka, "hiyo kitu haina kazi kwa nchi ya joto," na inarushwa kwenye pipa. Thamostati ina kazi. Bila hiyo injini haifiki joto lake njiani, kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi na inaongeza petroli. Petroli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda, huosha utando wa mafuta na kuchanganyika nayo kwenye sampu. Kilichokuwa tatizo la kifuniko kinakuwa, baada ya mwaka, tatizo la ringi. Halafu kuna maji ya bomba mahali pa kulanti, na kutu yanayoiachia aluminiamu. Na kuna ile haraka ya kujaza maji bila kuitoa hewa. EJ, kwa kuwa imelala, hunasa hewa kirahisi, huijazi ukaondoka. Huiinua pua, huijaza polepole, huiacha ikinguruma kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe.

Yangu ilichemka nikipanda kutoka Mai Mahiu. Gereji niliyoipelekea ilibadilisha gasketi zote mbili kwa siku mbili, nami nikafurahia wepesi huo. Miezi mitatu baadaye ikachemka tena pale pale. Fundi wa pili, mtu mzima asiyependa maneno, aliweka rula ya chuma juu ya hedi na kupitisha kipande cha bati jembamba chini yake. Kilipita. Hedi ilikuwa imepinda kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele, na kiasi hicho kinatosha. Aliyetangulia hakuwa ameipima wala kuipeleka kusawazishwa. Aliweka gasketi mpya juu ya uso uliopinda. Nililipa kazi ile ile mara mbili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mara ya kwanza hatukuwa na hakika kama gasketi ndiyo iliyoungua. Ipo chupa yenye dawa ya buluu ambayo hugeuka njano ikivuta hewa ya rejeta yenye moshi wa silinda. Dakika kumi, na ungejua kama kuna haja ya kushusha injini.

Upande wa mafuta, tabia zetu ni za kusubiri taa. Taa ile nyekundu huwaka shinikizo likiwa limekaribia kwisha. Kwa beringi za krenkishafti hiyo ni taarifa ya msiba. Injini za turbo za Subaru, zikizeeka, hunywa mafuta kidogo kidogo, na kwa kuwa zimelala, kona ndefu ya kasi huyasukuma mafuta upande mmoja. Ukiwa na lita moja pungufu kwenye kona hiyo, pampu huvuta hewa. Turbo nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando wa mafuta, na katika matoleo kadhaa boliti inayoyapitisha mafuta kuelekea huko ina kichujio kidogo cha wavu. Mafuta yaliyocheleweshwa hukiziba. Turbo inakufa, inanunuliwa nyingine, inafungwa kwa boliti ile ile yenye wavu ule ule, na ya pili inakufa kabla ya mwezi kwisha. Kijiti cha kupimia mafuta kiko pale kila asubuhi, bila malipo.

Hapa lugha yenyewe inatuponza. Gereji zetu zina neno moja, kunoki, kwa maradhi mawili tofauti. Beringi ya konrodi ikilika, chuma hugonga chuma kwa sauti nzito inayopanda na mwendo wa injini, tunasema imenoki. Petroli ikilipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, hutoa mlio mwembamba kama kokoto kwenye kopo. Hapo pia tunasema inanoki. La kwanza ni la mafuta ya injini, la pili ni la petroli, joto na hewa. Nimeona mtu akimiminiwa mafuta mazito ya 20W-50 "kutuliza noki" wakati ugonjwa wake ulikuwa petroli duni. Laiti tungekuwa na maneno mawili.

Ugonjwa huu wa pili ndio unaovunja pistoni, na ndio unaozaliwa zaidi na mazingira yetu. STI iliyotengenezwa kwa soko la Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani karibu 100. Pampu zetu za kawaida haziifikii. Ongeza uchakachuaji: mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja nguvu wanaoyachanganya na mafuta ya magari. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli, oktani hushuka, na turbo iliyosukuma hewa kwa nguvu zote hukutana na mchanganyiko unaolipuka mapema. Kuta nyembamba kati ya ringi za pistoni humeguka. Gari linaendelea kwenda, likitoa moshi wa buluu na kuomba mafuta kila wiki, na mwenyewe anaambiwa ni uzee.

Kompyuta ya gari, wakati huo wote, ilikuwa ikisikia. Ina kihisi cha mlipuko, inachelewesha cheche na kuiweka habari hiyo katika kumbukumbu. Programu za bure kama RomRaider huisoma kumbukumbu hiyo kwa waya wa bei ndogo na kompyuta mpakato yoyote. Mtu anayenunua Impreza kuukuu bila kuisoma ni sawa na anayeoa bila kuuliza ukoo.

Kisha yako marekebisho ya vijana. Naipenda sauti ya boksa. Inatokana na manifoldi yenye mabomba ya urefu usiolingana, na hakuna ubaya ndani yake. Ubaya uko kwenye ile valvu ya kutoa hewa nje kwa mlio wa "tsss" kila mguu unapoachia. Katika gari linalopima hewa mlangoni, kila gramu iliyopita pale imeshahesabiwa na petroli yake imeshaandaliwa. Ukiimwaga nje, petroli inabaki bila hewa yake: plagi zinatiwa masizi na ekzosi inatema moto ambao watu hushangilia. Kufungua ekzosi yote bila kuipanga upya kompyuta ni hatari kwa njia nyingine, kwani turbo huweza kupandisha shinikizo kupita kiasi kilichokusudiwa. Kurekebisha kunaruhusiwa, lakini mafuta, joto na mchanganyiko wa hewa vipimwe kwanza, kisha nguvu ifuate.

Tairi na breki nazitaja kwa ufupi ingawa ndizo zinazoua watu. Mfumo wa magurudumu yote manne unataka tairi nne zinazolingana. Subaru hushauri tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Ukinunua mbili mpya za mbele ukaacha mbili zilizolika nyuma, difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha kupimia. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa: DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, iliyoshiba maji yaweza kuchemka kwa 155. Mteremko wa kwenda Naivasha ukiwa na gari zima la familia si mahali pa kuigundua tofauti hiyo.

Sasa turudi kwa yule kijana wa ovaroli. Ni rahisi kumlaumu, na wengi humlaumu. Nilimwuliza fundi wangu kwa nini wenzake hawapimi. Akafuta mikono, akasema, "Mzee, nikikuambia nimepima saa nzima na gari lako ni zima, utanilipa?" Sikuwa na jibu. Kwa desturi zetu fundi hulipwa kwa kilichotoka na kilichoingia. Kutazama ni bure: "angalia tu, fundi." Asiyefungua kitu hali siku hiyo. Kwa hiyo atafungua. Atakisia, maana kukisia kunalipwa, na kipuri kikinunuliwa pengine muuzaji humkumbuka kwa kitu kidogo. Mfumo huu tumeujenga sisi wateja kwa kukataa kulipa ada ya uchunguzi ambayo hospitalini tunailipa kabla ya kumwona daktari.

Wala hawakosi ujuzi. Nimemwona mzee wa Grogan akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, akataja puli iliyochoka kabla ya kifuniko kutolewa, na akawa sahihi. Sikio hilo limefundishwa kwa miaka ya jua kali. Kinachokosekana ni vyombo vya kulisaidia: geji ya shinikizo la mafuta, geji ya kompresheni, spana ya kupimia ukazo. Boliti za hedi ya EJ hukazwa kwa awamu, hulegezwa, hukazwa tena, kisha huzungushwa kwa idadi maalumu ya nyuzi. Mkono pekee, hata uwe na uzoefu gani, haulijui hilo. Mafundi watatu wakichangia sanduku moja la vyombo hivyo, uwezo wao wa kutibu unabadilika.

Na chombo bila maarifa nacho hupotosha. Kitabu cha kiwanda hutoa viwango vya kompresheni kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi hewa ni nyepesi, na geji itaonyesha pungufu kwa karibu moja ya tano hata injini ikiwa nzima. Najua injini zilizohukumiwa kifo kwa sababu hiyo peke yake. Linalopaswa kuangaliwa huku juu ni tofauti kati ya silinda na silinda: nne zikilingana, tulia; moja ikiwa chini ya wenzake, hapo pana habari.

Injini ikifa kweli, njia ni mbili. Ya kwanza ni injini ya mtumba kutoka Japani, au kutoka Sharjah ambako wafanyabiashara wetu wengi hununua. Ya haraka, nafuu, na siri tupu ndani. Ya pili ni kuijenga upya iliyopo kwa beringi, ringi na gasketi za chuma za tabaka kadhaa. Mimi naichagua ya pili pale ambapo bloku imepimwa ikaonekana nzima, kwa sababu moja: baada yake unajua kilichomo. Vipuri halisi vinapanda bei, nasi si wanunuzi peke yetu. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kukidhi kanuni zake za usalama, kwa hiyo Impreza za miaka ya 90 sasa zinagombewa na watu wenye mifuko mirefu kuliko yetu. Nissan ilirudi kutengeneza vipuri vya Skyline GT-R R32 mwaka 2017, Toyota ikafuata mwaka 2020 kwa Supra. Ni dalili kwamba viwanda vimeona soko, ila bei zake hazikupangwa kwa ajili ya Gerezani ya Dar es Salaam wala Ngara ya Nairobi.

Je, inafaa kuwa nalo? Kama ndilo gari pekee la nyumbani na watoto wanalitegemea kufika shule, ningemshauri mtu anunue kitu cha utulivu zaidi. Kama kuna lingine la kushika zamu, na fedha ya mpira na mafuta imetengwa kabla ya ile ya rimu, basi ndiyo, kwa moyo wote. Tarehe 1 ya kila mwezi mimi hufungua boneti na kuandika daftarini: kiwango cha mafuta, kiwango cha kulanti, shinikizo la mafuta injini ikiwa moto, kimo cha nakshi ya kila tairi. Nimeanza kulielewa gari kwa namna ambayo kuliendesha hakujanifundisha. Shinikizo la mafuta lilipoanza kushuka kidogo kidogo kwa miezi mitatu mfululizo, tulifungua sampu tukakuta mrija wa kufyonzea mafuta umeanza kupata ufa. Beringi zilikuwa bado nzima.

Fundi wangu sasa anatoza ada ya kupima kabla ya kushika chochote, na ameiandika kwa chaki kwenye mlango wa bati. Wateja wengine huisoma, wakanung'unika, wakaondoka. Jumamosi iliyopita nilikuta magari manne yakingoja zamu. Mawili hayakuwa na ugonjwa wowote. Wenyewe walikuja kuandikiwa namba zao, wakalipa, wakaenda.